Jembe Si Fimbo

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 2:15, 1 Wafalme 21:1-16, Yeremia 32:9-14, Marko 4:26-29, 2 Timotheo 2:6



Kila Septemba, shule zinapofungua milango, wazazi wanatuletea hoja zao: daftari, viatu, sare, mtoto aliyekosa nafasi ya kukaa. Safari hii hoja ilikuwa nyingine. Walimu wa shule kadhaa wanataka kuanzisha bustani, watoto wapande mboga na kuzitunza. Wazazi wanatuuliza: Baba mchungaji, je, hilo ni jambo jema?

Mama mmoja alitusimamisha baada ya ibada akasema bila kuzunguka: "Mimi ninalima ng'ambo ya mto tangu utoto wangu. Mgongo umekwisha. Mtoto nimempeleka shuleni asome, asishike jembe kama mimi. Sasa mwalimu ndiye anayempa jembe?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Mama huyu si mvivu na hadharau kazi. Ameona jambo la kweli, na kabla ya kumwambia habari za mbegu na mbolea, inatupasa kulisikiliza.

1. Kwa nini jembe linanuka adhabu

Wazee wetu walioishi hapa mji huu ulipokuwa bado Stanleyville walijua kilimo cha kulazimishwa. Tangu 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka mazao ya lazima: mwanaume wa kijijini alitakiwa kutoa siku 60 kila mwaka kwa shamba aliloamriwa kulima. Wakati wa vita vya pili vya dunia siku zikaongezwa hadi 120. Aliyekosa alitozwa faini au alifungwa, na bei ya mavuno iliwekwa na watu wengine. Baadaye, katika utawala wa Mobutu, tukaona salongo, kazi ya pamoja ambayo jina lake lilikuwa zuri lakini nayo ilikuwa ya lazima.

Shuleni je? Sisi tuliosoma miaka ya 80 na 90 tunakumbuka kazi ya mikono. Aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele darasani alipewa jembe. Aliyeshindwa hesabu, jembe tena. Katika shule nyingine watoto walipalilia shamba la mkubwa fulani, na mahindi yalipokomaa hakuna mtoto aliyejua yalikwenda wapi. Kwa miaka sita ya shule ya msingi tulijifunza somo moja tu la kilimo: kulima ni adhabu ya mtu aliyekosa.

Ndiyo sababu mama yule aliogopa. Bustani ikianzishwa kwa roho ile ya zamani, yeye ana haki ya kukataa, na kanisa lisimame upande wake.

2. Bustani ilikuwapo kabla ya laana

Lakini Neno la Mungu linatuonyesha mwanzo mwingine. Tusome Mwanzo 2:15 polepole. Bwana Mungu alimweka mtu katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza. Hii ni sura ya pili. Dhambi inaingia sura ya tatu. Miiba na jasho la uchungu vilikuja baadaye. Kazi ya bustani ilikuwapo tayari, nayo ilikuwa heshima. Mungu hakumpa Adamu bustani kwa sababu amekosa. Alimpa kwa sababu amemwamini.

Na tuone maneno mawili ya mstari huo, kulima na kutunza. Kulima peke yake mtu anaweza kulazimishwa. Kutunza hakulazimishwi. Mtu anatunza kitu alichokabidhiwa, kitu ambacho moyo wake umekiri kwamba hiki nacho ni changu mbele za Mungu.

Mtume Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mkulima aliyetaabika ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kupata sehemu ya mavuno. Hakusema mwenye shamba, wala mkubwa, wala mgeni wa heshima. Mkulima mwenyewe. Mstari huu tutaurudia, kwa maana hapo ndipo bustani nyingi za shule zinapokufa.

3. Bustani inafundisha nini

Inafundisha kungoja. Tulimwona mtoto wa darasa la pili aliyepanda mbegu jioni, na asubuhi akazifukua kutazama kama zimeota. Tulicheka, lakini tulijiona sisi wenyewe katika maombi yetu. Katika Marko 4 Yesu anasema mbegu inaota mtu akilala na kuamka, kwanza jani, kisha suke, kisha ngano. Mtoto aliyelala usiku ishirini na mitano akingoja lengalenga yake ameanza kuelewa mfano huo kwa mikono.

Inafundisha hesabu yenye maana. Kitalu cha mita 1 kwa mita 5 ni mita za mraba ngapi? Tukivuna mafungu 12 na kila fungu likiuzwa kwa bei ya soko, tuna faranga ngapi? Tukitoa pesa ya mbegu, inabaki nini? Mtoto anayesinzia mbele ya ubao haisinzii hesabu ya mboga yake.

Inafundisha ukweli. Udongo haupokei visingizio. Ukisema umemwagilia na hukumwagilia, majani yatakushitaki mbele ya darasa zima.

Na inafundisha kwamba kulima ni akili. Tukishuka mto karibu kilomita 100 tunafika Yangambi, ambako tangu miaka ya 1930 kuna kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, zamani INEAC, leo INERA. Hapo ndipo watafiti Beirnaert na Vanderweyen walipoeleza, mwaka 1941, siri ya mchikichi: ukizalisha mti wenye kokwa la ganda nene na ule usio na ganda, unapata mti wenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba makubwa ya michikichi duniani leo yanafuata ujuzi huo. Waliupataje? Kwa kupanda, kuhesabu, kuandika daftarini na kupanda tena. Ni kazi ileile mtoto wa Mangobo au Kabondo anaweza kuianza na vitalu viwili vya lengalenga. Asiye na jembe anaweza kuwa na elimu, na mwenye elimu anaweza kushika jembe bila kushushwa.

4. Kabla ya jembe, karatasi ya ardhi

Hapa tunaomba walimu na komite za wazazi wasikilize sana. Mfalme Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Nabothi kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake, naye alitaka kulifanya bustani ya mboga. Ndiyo, bustani ya mboga! Kitu kidogo, kitu kizuri. Lakini shamba lilikuwa urithi wa mtu mwingine, na mwisho wake ulikuwa damu.

Sisi wa Kisangani tunajua maana ya hadithi hiyo. Tangu 2023 tumeona ng'ambo ya Lubunga jinsi ugomvi wa ardhi ulivyowatenga ndugu zetu Wambole na Walengola, nyumba zikachomwa, familia zikakimbilia mjini. Watoto wa familia hizo wanakaa leo katika madarasa yetu. Wengine walikuwa na shamba. Sasa hawana hata mahali pa kupanda kitunguu.

Kwa hiyo tusipande kitu juu ya neno la mdomo tu. Yeremia aliponunua shamba la Anathothi aliandika hati, akaita mashahidi, akaiweka katika chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kama kiwanja ni cha shule, mipaka ijulikane na majirani wote. Kama ni cha mkristo anayekiazima kwa mapenzi mema, iandikwe: ni nani anaazima, kwa miaka mingapi, kutoka wapi hadi wapi. Shefu wa kartie atie sahihi, na wanafamilia ya mwenye kiwanja pia, kwa maana baba akifa watoto wake wanaweza kusema hawakujua. Nakala moja ikae shuleni, moja kwa mwenye kiwanja, moja kanisani.

5. Namna ya kuanza

Tuanze kidogo. Darasa la watoto 50 tuligawe katika makundi 10 ya watoto watano, wavulana na wasichana pamoja, na kila kundi lipate kitalu chake cha mita 1 kwa mita 5. Upana wa mita moja unatosha, ili mtoto afike katikati kwa mkono bila kukanyaga. Tukiacha njia ya nusu mita kati ya vitalu, kiwanja cha mita 15 kwa 6 kinatupokea sote. Kila kundi liandike majina yake kwenye kibao. Shule nyingi zimejaa zaidi tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019. Basi darasa kubwa ligawane zamu, nusu wanafanya bustani, nusu wanabaki darasani na mwalimu mwingine.

Udongo wetu una mchanga mwingi na uchungu, na mvua kubwa inasukuma chakula cha mimea chini sana. Msitu unaponekana mnene, tunadhani ardhi yake ni tajiri, kumbe utajiri uko juu, katika majani yanayooza. Ukichoma na kulima, majivu yanasaidia msimu mmoja au miwili, kisha ardhi inachoka. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya Septemba ni lundo la mbolea: majani, maganda ya ndizi na ya mihogo, magugu yasiyo na mbegu, samadi ya kuku au ya mbuzi, majivu kidogo. Tulifunike kwa majani ya migomba na kuligeuza kila baada ya majuma mawili au matatu. Baada ya miezi mitatu hivi linakuwa jeusi na lina harufu ya msitu. Samadi mbichi ya kuku isiwekwe kwenye mboga. Inaunguza mizizi, na si safi kwa majani yatakayoliwa.

Septemba hadi Novemba mvua yetu ni nyingi. Vitalu viinuliwe karibu sentimita 20, na kuwe na mfereji wa kutoa maji, la sivyo mbegu zitasafiri hadi kwa jirani. Oktoba tupande lengalenga. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Tuzichanganye na mchanga mkavu, tuzinyunyize katika mistari, tuzifunike kidogo tu. Baada ya majuma manne au matano watoto wanavuna. Tunaanza na lengalenga kwa makusudi: mtoto mdogo hawezi kungoja mihogo mwaka mzima. Imani yake inahitaji ushindi wa kwanza ulio karibu.

Kisha tuongeze matembele, ambayo yanapandwa kwa vipande vya shina na hayahitaji pesa ya mbegu, ngaingai, dongodongo, biringani. Januari na Februari mvua inapungua, basi ni wakati wa kumwagilia, asubuhi mapema au jioni: siku isiyo na mvua, ndoo mbili za lita 10 zinatosha kitalu kimoja. Kopo lililotobolewa matundu chini linafanya kazi vizuri. Machi makundi yanaweza kupanda karanga, yakavuna kabla ya likizo ya Julai. Karanga zinafaa pia kwa sababu zinaurudishia udongo nguvu. Na sombe ipandwe pembeni kama uzio wa pili, ili likizo ikija bustani isibaki tupu.

Ua wa mianzi uwepo tangu siku ya kwanza. Mbuzi na bata wa jirani hawajui kwamba hii ni bustani ya wana wa Mungu.

Dawa za sumu za kuua wadudu tusizilete mahali penye watoto. Wadudu waondolewe kwa mkono, majivu yanyunyizwe, na mboga za aina mbalimbali zichanganywe. Panga libaki mikononi mwa watu wazima. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza. Na saa za bustani ziwe chache, saa moja au mbili kwa juma, ndani ya ratiba ya shule. Bustani isile somo la kusoma na kuandika. Mama yule alimpeleka mtoto asome, na mtoto asome kweli.

6. Mavuno ni ya nani?

Sasa tunafika kwenye kisa chetu wenyewe, na tunakisema kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita tulianzisha bustani ndogo nyuma ya kanisa pamoja na watoto wa shule ya Jumapili. Tuliimba, tuliomba, tulipanda. Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri sana. Tulikuwa na semina, wageni walikuja, na mafungu yote ya lengalenga yakaenda kwenye sufuria za wageni. Mavuno ya pili yakaenda kwa chakula cha kamati. Mavuno ya tatu hayakuja. Watoto walipanda kwa sababu tuliwaambia wapande, lakini hakuna aliyemwagilia. Magugu yakaota, mbuzi wakaingia. Nasi Jumapili tukapanda mimbarani tukawahubiria watoto juu ya mtu mvivu wa Mithali 24, ambaye shamba lake limefunikwa na miiba!

Ilituchukua muda mrefu kuona kwamba wavivu hawakuwa watoto. Mahubiri yale yalitakiwa kututazama sisi. Paulo alisema mkulima awe wa kwanza kula, nasi tulimfanya awe wa mwisho, tena bila kumwuliza. Watoto hawakuchoka kazi. Walichoka kuibiwa, nasi tuliuita wizi huo utumishi.

Si sisi tu tulioanguka hapo. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe na mashamba, na alitaka pia wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba na waione faida yake. Shule nyingi zilishika nusu ya kwanza zikasahau ya pili. Jembe lilibaki, uamuzi uliondoka, na watoto wakaliona shamba kama kazi ya kusukumwa. Wazo lililokuwa jema likaacha uchungu.

Kwa hiyo tunaomba kila shule iandike kanuni ya mavuno kabla ya kupanda, na isomwe mbele ya watoto na wazazi. Sisi tunapendekeza hivi. Fungu la kwanza la kila kitalu ni la watoto waliokilima. Walipeleke nyumbani, mama alipike, baba aonje na kushukuru. Fungu la pili liuzwe kwa mbegu na vyombo, na pesa iandikwe katika daftari ambalo watoto wenyewe wanashika na kulisoma mbele ya darasa. Fungu la tatu, watoto waamue wao ni nani atapewa: mwenzao mgonjwa, bibi mjane, familia iliyokimbia vita. Sheria ya Musa iliacha masalio ya shamba kwa maskini na mgeni. Lakini mtoto atajifunza kutoa akiwa na kitu chake cha kutoa. Aliyenyang'anywa hajatoa sadaka.

Mwalimu, direkta, mchungaji: tukitaka mboga ya bustani, tununue kama watu wote. Na jembe lisitumike tena kuwa adhabu, hata siku moja. Mtoto aliyekosa arekebishwe kwa njia nyingine. Tukimpiga kwa jembe asubuhi, hawezi kulipenda mchana.

7. Kazi ya juma hili

Mzazi, uliza shuleni kwa mtoto wako: je, kuna bustani? Ardhi yake ina hati? Mavuno yanakwenda wapi? Uliza kwa upole, lakini uliza. Kama hakuna, chukua mita moja ya parseli yako, umpe mtoto mmoja, umwambie: hii ni yako, utaniambia utapanda nini.

Mwalimu, anza na kitalu kimoja kabla ya kumi.

Na yule mama wa ng'ambo tumempa jibu letu. Tulimwambia: Mama, ulisema kweli. Siku mtoto wako akipewa jembe kama fimbo, njoo utuite, tutakwenda pamoja kwa direkta. Lakini siku akija nyumbani na fungu la lengalenga mkononi, akakwambia hili nimelilima mimi, usimwulize kwa nini ana udongo miguuni. Lipike. Mwambie ni tamu. Kisha mketi, mfundishe yale unayoyajua wewe kuhusu mvua, udongo na mbegu, mambo ambayo hayajaandikwa katika daftari lake. Alitutazama, akacheka kidogo, akasema: "Basi na mimi nitakuwa mwalimu."

Ndiyo, mama. Utakuwa mwalimu.

Tuombe. Baba uliyemkabidhi mtu bustani kabla hajakosa, utusamehe pale tulipowanyang'anya watoto matunda ya mikono yao. Bariki mvua ya majira haya, bariki udongo wa Tshopo, linda mipaka yetu na damu isimwagike tena kwa ajili yake. Watoto wapande, wengine wanyweshe, nawe ukuze. Katika jina la Yesu. Amina.